Samaki Mgeni wa Mto Gura

Mwaka 1905 mayai ya samaki aina ya trauti yaliletwa Kenya kutoka Scotland, kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, yakatiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Nyandarua. Jina lake ndilo lililobaki. Mimi huwafikiria zaidi wapagazi, maana zama hizo gari lisingefika huko.

Samaki aliyezoea majira ya baridi na ya joto akakuta mto unaohesabu mwaka kwa mvua. Masika, tangu Machi hadi Mei, Gura hushuka kwa kishindo, maji rangi ya chai ya maziwa. Ndoana iliyofungwa manyoya mfano wa nzi haifai kitu wakati huo, kwa kuwa trauti huwinda kwa macho. Vuli nazo huyachafua tena. Lakini Januari na Februari changarawe huonekana chini, na mvuvi hunyata kama mwizi, kivuli chake kisimtangulie majini.

Miti ikikatwa juu, udongo hufuata maji, na siku hizo za kutakata hupungua. Nikisikia msumeno msituni, kwanza huutazama mto.