Shule Nyuma ya Duka

Mwaka 1740, watawala wa koloni la South Carolina, huko Marekani, walitunga sheria: atakayemfundisha mtumwa kuandika atatozwa faini ya pauni 100. Kuandika, si kusoma. Mwaka uliotangulia watumwa walikuwa wameasi karibu na mto Stono, na mtumwa mwenye kalamu angeweza hata kujiandikia cheti cha ruhusa akaenda zake. Kusoma nako kulipigwa marufuku mwaka 1834. Nimeanza mbali hivyo kwa sababu sisi walimu tumezoea kusema kwamba wanafunzi fulani "wameachwa nyuma", utadhani walichelewa matatu. Wengine walifungiwa mlango, na funguo zikawekwa na serikali.

Septima Clark, mzaliwa wa Charleston katika jimbo hilohilo, alikuwa na miaka 18 alipopata kazi ya ualimu mwaka 1916. Mjini kwao mwalimu mweusi hakuruhusiwa kufundisha katika shule za umma, hata zile za watoto weusi, kwa hiyo akapelekwa kisiwani, Johns Island. Huko yeye na mwenzake mmoja walikuwa na wanafunzi 132. Mshahara wake ulikuwa dola 35 kwa mwezi. Ng'ambo ya barabara, mwalimu mzungu mwenye wanafunzi watatu alilipwa dola 85. Vitabu? Hakuna. Clark alichukua mifuko ya karatasi, akaandika juu yake hadithi za mambo waliyoyaona watoto wale kila siku. Watu wa visiwa hivyo huzungumza Kigullah, lugha iliyozaliwa utumwani, na wengi waliicheka wakiiita Kiingereza kibovu. Yeye alianza na maneno waliyokuja nayo kutoka nyumbani, ndipo akawaonyesha jinsi yanavyoandikwa kitabuni.

Alifundisha miaka 40. Mwaka 1956 jimbo likakataza wafanyakazi wake kuwa wanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi. Clark hakukana uanachama wake. Akafutwa kazi, na pensheni ikaenda.

Kule kisiwani, wakati huo, kulikuwa na mtu aitwaye Esau Jenkins aliyekuwa na basi la kuwapeleka watu kazini Charleston. Ili ujiandikishe kupiga kura ulitakiwa usome kipande cha katiba mbele ya karani, basi Jenkins akawa anawafundisha abiria njiani. Mmoja wao, Alice Wine, alikariri kipande chake chote, akajiandikisha. Lakini hakuridhika. Alitaka kusoma kwelikweli, si kukariri kama kasuku.

Ndipo Januari 1957 shule ikafunguliwa, nyuma ya duka. Mbele kuliuzwa vyakula ili wazungu wasishtuke. Chumba cha darasa hakikuwa na madirisha. Mwalimu alikuwa Bernice Robinson, jamaa yake Clark, mtengenezaji nywele na fundi wa kushona. Hakuwa na cheti cha ualimu, na hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kumchagua: walihofia kwamba mwalimu wa kawaida angewatazama watu wazima wale kutoka juu.

Miezi miwili baadaye, Machi 1957, huku kwetu Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Elimu, mapato na mali vilihesabiwa, na mwenye sifa nyingi aliweza kupata hadi kura tatu. Asiye na sifa hata moja akakaa nyumbani. Odinga, Moi, Ngala na Muliro walichaguliwa, na wote wanne walikuwa wamewahi kushika chaki. Sijui kama tumewahi kulitafakari jambo hilo vya kutosha, kwamba kura yetu nayo ilizaliwa ikiwa na mtihani.

Turudi kwa Robinson. Siku ya kwanza alibeba vitabu vya shule ya msingi, vya watoto wadogo. Akawatazama wanafunzi wake 14, akaviweka kando, akawauliza: mnataka kujifunza nini? Wakataka kuandika majina yao. Kusoma Biblia. Kujaza fomu za kutuma pesa. Huo ndio ukawa mtaala. Mikono iliyozoea jembe iliikandamiza penseli mpaka ikavunjika, na yeye akawapa nyingine.

Mimi nafundisha Gredi ya Nne katika shule ya umma, na swali lake limenikaa. Nina mvulana ambaye rekodi zinasema hawezi kusoma. Nilipomuuliza hufanya nini nyumbani jioni, akaniambia yeye ndiye anayemsomea nyanya yake ujumbe wa M-Pesa: nani katuma, ngapi, salio limebaki ngapi. Ati hajui kusoma! Sasa tunaanzia hapo. Kitabu cha hadithi tutakifikia, lakini kwanza tumalize salio la nyanya.

Mtindo wa duka lile ulienea kusini mwa Marekani. Kufikia mwaka 1961 chama cha Martin Luther King kiliuchukua, Clark akaandaa walimu kwa mamia: wakulima, madobi, wenye saluni. Mwaka 1965 sheria ya shirikisho ikauvunja ule mtihani wa kusoma. Lakini Robinson alipoulizwa baadaye kuhusu kazi ile, alikumbuka bibi mmoja wa miaka 65. Majina yalikuwa yameandikwa ubaoni. Bibi akainuka, akachukua rula mkononi mwa mwalimu, akaonyesha: hili hapa ni langu. Kisha akalitamka, herufi moja moja.