Dohani

Mswahili anayetafuta gari la mtumba Doha, kwenye magereji ya Sanaiya, eneo la viwanda, hatakosa kusikia fundi akisema "dukhan". Asihangaike, ni jamaa wa neno analolijua. Dukhan ni moshi kwa Kiarabu, nasi tukapata dohani, bomba la moshi la nyumba au la meli. Jina hilo unalo pia mji wa Dukhan, magharibi mwa Qatar, ambako kisima cha kwanza cha mafuta nchini humo kilianza kuchimbwa mwaka 1938. Doha haimo katika ukoo huo. Kwa Kiarabu huandikwa kwa herufi nyingine.

Kwenye magari, dohani imeshindwa na ekzosi. Moshi wake lakini husomeka vilevile. Wa buluu: gari linakula oili, huenda ringi za pistoni zimechoka. Mweupe mzito usiokoma: maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Mweusi: petroli imezidi hewa. Injini ikigongagonga inapowashwa, tazama oili na cheni. Baadhi ya hayo hujitokeza zaidi injini ikiwashwa baridi, kwa hiyo gusa boneti kwanza. Ikiwa ya moto ilhali gari limeegeshwa kivulini, muuzaji amekuwahi.