Balungi na Dawa ya Lehemu: Habari Hii Ilianzia Wapi?

Leo tunazungumzia dawa za kupunguza lehemu, ambayo wengi wetu huiita kolesteroli, na jinsi chakula kinavyoweza kugombana nazo. Turudi nyuma kidogo.

Mwaka wa 1959 madaktari Shaper na Jones waliokuwa Kampala walichapisha utafiti kuhusu lehemu katika damu ya Waafrika na Waasia wa Uganda. Waafrika waliokula ndizi, viazi na maharagwe walikuwa na lehemu kidogo, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa nadra sana kwao. Waasia waliokaa mji huo huo lakini wakala mafuta zaidi, lehemu yao ilikuwa juu na moyo uliwasumbua. Siku hizi chipsi ziko kila stendi, na tunapanda bodaboda hata kwenda kisimani. Basi tusishangae tukiandikiwa dawa hizi sisi pia.

Dawa zenyewe zilitoka kwenye kuvu. Huko Japani, Akira Endo na wenzake walianza mwaka wa 1971 kupima maelfu ya kuvu, na mwaka wa 1973 wakapata waliyoitafuta katika kuvu iliyotoka kwenye mchele wa duka moja mjini Kyoto. Inazuia ini kutengeneza lehemu. (Hii si ruhusa ya kula mahindi yaliyoota kuvu ghalani! Hayo yana sumu na yameua watu nchini Kenya.) Dawa ya kwanza ya jamii hii, lovastatini, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1987.

Balungi liliingia kwa bahati. Huko Kanada, David Bailey na wenzake walikuwa wakichunguza kama pombe inagombana na felodipini, dawa ya presha. Ili wanaojaribiwa wasitambue ladha ya pombe, waliichanganya na maji ya balungi. Walipopima damu, dawa ilikuwa nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Wakachunguza zaidi, wakaona kosa si la pombe, ni la balungi. Taarifa yao katika jarida la Lancet ilitoka mwaka wa 1991.

Sababu ni hii. Kwenye ukuta wa utumbo kuna kimeng'enya kinachovunja sehemu ya dawa kabla haijaingia kwenye damu. Balungi hukilemaza, na dawa nyingi zaidi inapita. Mwaka wa 1998 watafiti wa Finland waliwanywesha watu maji mazito ya balungi mara tatu kwa siku. Simvastatini katika damu ikapanda mara 16. Ni kama umeandikiwa kidonge kimoja ukameza kiganja kizima.

Wengine husema, "Sista, mimi nitakula balungi asubuhi na dawa nimeze usiku." Haisaidii. Utumbo huhitaji siku moja hadi tatu kutengeneza kimeng'enya kipya.

Dawa ikizidi, misuli huuma na kulegea. Hapa ndipo ninapoogopea watu wetu. Mkulima aliyeshinda akipalilia mahindi atasema ni jembe, ameze vidonge vya maumivu, alale. Lakini misuli ikiuma bila sababu, na mkojo ukawa mweusi kama chai ya turungi, usingoje siku ya soko: misuli inavunjika na figo zinaweza kuharibika. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na ubebe pakiti ya dawa, hata kama uliinunua ng'ambo ya mto, upande wa Uganda.

Anayetumia simvastatini au lovastatini aliache balungi kabisa. Kwa atovastatini madhara ni madogo, ila usinywe maji yake kwa wingi. Pravastatini na rosuvastatini hazisumbuliwi na balungi. Busaa na chang'aa ni shauri lingine, kwa sababu ya ini. Ugali, sukuma wiki, maharagwe na maziwa havina ugomvi na dawa hizi, na machungwa yetu matamu ya kawaida unaweza kula.