Njia ya CD4: Kutoka Kliniki hadi Cambridge

Dawa za ARV zilipoanza kutolewa bure Tanzania mwaka 2004, swali lililomngoja mgonjwa nje ya mlango wa kliniki halikuwa amepewa dawa gani. Lilikuwa, "CD4 zako ngapi?" Bibi ambaye hakuwahi kukanyaga darasa la sayansi alijua kwamba zikiwa chini ya 200 anaanzishiwa dawa, na kwamba mtu mzima mwenye afya huwa na 500 na kuendelea. Nimeifuata namba hiyo kinyumenyume, kutafuta ilikotoka.

Inaanzia maabara. Damu inavutwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Mtaalamu anachota kidogo, anatia kingamwili iliyofungwa rangi ing'aayo, kisha anaiweka gizani ili rangi isififie. Kingamwili hiyo inashika kitu kimoja tu: CD4, protini iliyochomoza juu ya utando wa baadhi ya chembe nyeupe, hasa zile zinazoamrisha kinga ya mwili. Mashine inapitisha chembe mojamoja mbele ya leza, na zile zinazong'aa ndizo zinazohesabiwa. Kazi hii haitaki ajizi. Damu ikikwama barabarani siku kadhaa majibu hayaaminiki, na mgonjwa wa kijijini analazimika kurudi kutolewa nyingine.

Rudi nyuma hadi Desemba 1984. Jarida la Nature lilichapisha kwa pamoja taarifa mbili, moja ya kundi la Robin Weiss wa London, nyingine ya David Klatzmann na wenzake wa Paris. Wale wa London walijaribu kingamwili 155 waone ipi itavizuia virusi vya Ukimwi. Kati yake, 14 zilikuwa za kushika CD4, na zote 14 zilizuia. Basi kumbe protini iliyokuwa ikitumiwa kutambulisha chembe zinazokufa ndiyo hiyo hiyo virusi vinayoishika ili kuingia ndani.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Juni 1981, Michael Gottlieb na wenzake wa Los Angeles walikuwa wametoa taarifa ya vijana watano wenye nimonia isiyo ya kawaida. Kabla ya mwaka kwisha walichapisha jambo la kutisha zaidi: kingamwili mpya za maabara zilionyesha kwamba chembe saidizi, zile zenye CD4, za wagonjwa wa namna hiyo zilikuwa karibu zimekwisha kabisa, ilhali aina nyingine zipo. Kwa darubini ya kawaida chembe hizo zote zinafanana. Ugonjwa ungewahi kwa miaka mitano tu, madaktari wangeona chembe nyeupe zimepungua, wasijue zipi. Mimi naiona hiyo kuwa bahati ya ajabu katika mkasa usio na bahati.

Maana kingamwili zenyewe zilikuwa changa. Mwaka 1979, Patrick Kung na Gideon Goldstein wa kampuni ya Ortho, New Jersey, pamoja na wenzao wa Boston, walitangaza kingamwili za kutenganisha chembe T za binadamu. Mojawapo, OKT4, ndiyo iliyoshika kile tunachokiita CD4 leo. Hakuna aliyekuwa akiuwaza Ukimwi. Ndugu yake, OKT3, aliruhusiwa Marekani mwaka 1986 kuwa dawa ya kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa.

Na njia inaishia Cambridge, Uingereza, ilikobuniwa namna ya kuzitengeneza kingamwili hizo, kwa Georges Köhler, Mjerumani ambaye hata miaka 30 hajafika, na César Milstein wa Argentina. Chembe inayotengeneza kingamwili haidumu ikitolewa mwilini, ila ya saratani huzaliana bila kikomo. Walimchanja panya damu ya kondoo, wakachukua chembe za bandama yake, wakaziunganisha na za saratani wapate chotara asiyekufa anayetoa kingamwili ya aina moja tu. Jioni ya kuangalia matokeo, Köhler aliteremka na mkewe kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha, mke akiwa amekuja kumwondolea upweke. Kwenye sahani, ndani ya utando mwekundu wa damu ya kondoo, kulikuwa na viduara vyeupe: kila penye chotara, damu imepasuka. Akambusu mkewe.

Makala yao ilitoka Agosti 1975, na tuzo ya Nobel ikaja 1984. Hataza haikuja kamwe. Milstein aliwadokeza wahusika wa serikali, nao hawakuona kitu cha kukimbilia. Chembe zikagawiwa kwa waliozitaka. Mmojawapo, Hilary Koprowski wa Philadelphia, alipewa na Milstein mwenyewe, na ni yeye na wenzake waliopata hataza Marekani, za kingamwili dhidi ya uvimbe na virusi vya mafua.