Redio ya Kusikiliza Tu

Bei ilikuwa shilingi 40,000, na mimi nalipa 8,000 kwa mwezi kwa keja yangu hapa Kitengela. Piga hesabu. Miezi mitano ya nyumba niitumbukize kwenye sanduku la chuma la kilo kama 15, lililotengenezwa Japani kabla mama yangu hajaolewa.

Picha alinitumia rafiki yangu wa Kajiado, anayejua udhaifu wangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme, na tangu hapo kila kifaa kizee chenye nyaya huniita kama mtu ninayemdai. Ilikuwa Yaesu FT-101, transiva ya miaka ya sabini, yaani mashine moja inayopokea na kutuma. Wakenya wangeiita redio kolo, na Watanzania simu ya upepo. Ni kifaa cha watu wa redio za ridhaa, wale wanaoongea na mabara mengine kwa mapenzi tu, bila mshahara na bila bando.

Nikamwandikia rafiki yangu: ni sumaku ya vumbi hiyo. Kisha nikapanda matatu ya kwenda Kajiado.

Njiani, baada ya Isinya, nilikuwa bado natafuta sababu ya kutonunua, na sababu zilikuwa nyingi. Simu yangu inaweza kusikiliza mawimbi ya masafa mafupi bure. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kimeweka mtandaoni kipokezi ambacho yeyote anaweza kukizungusha atakavyo. FT-101 yenyewe inatumia transista karibu kote, isipokuwa sehemu ya kutuma, ambako kuna valvu tatu, na hizo valvu hazipatikani dukani Luthuli Avenue. Ndani yake kuna volti 600 hivi, za kukulaza chini ukiingiza kidole pasipofaa. Kapasita za miaka 50 hukauka. Halafu mwaka 1979 mkutano wa dunia uliofanyika Geneva uliwaongezea watu wa ridhaa masafa mapya, megahezi 10, 18 na 24. Mashine iliyobuniwa kabla ya hapo haina habari nayo.

Lakini sababu kubwa haikuwa ndani ya sanduku. Hapa Kenya mashine haijawahi kuwa sehemu ghali zaidi. Sehemu ghali ni ruhusa ya kufungua mdomo.

Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Lugha zetu ziliingia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilipohitaji kuzungumza na familia za askari. Kuzungumza nazo, si kuzisikiliza. Watu wa ridhaa nao walikuwepo, na alama zao za Kenya zilianza na VQ4. Tanganyika ilikuwa VQ3, Uganda VQ5, Zanzibar VQ1. Hiyo VQ ilikuwa chapa ya makoloni ya Uingereza, kama ile ya ng'ombe. Baada ya uhuru Kenya ikapewa fungu lake, 5Y hadi 5Z. Ndege ndogo ya Wilson ikipita chini juu ya mtaa, tazama ubavuni: inaanza na 5Y. Mtu wa redio ya ridhaa wa hapa huanza na 5Z4. Ni kama binamu wawili, mmoja wa chuma na mmoja wa sauti.

Chapa ilibadilika, mlinzi wa lango akabaki. Kwanza lilikuwa shirika la posta na simu la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikaunda lake. Mwaka 1999 hilo nalo likagawanywa, na leo lango linashikwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Sheria ya mwaka 1998 bado inasema kutuma mawimbi bila leseni ni kosa. Sipingi. Bila utaratibu tungekuwa tunaongea juu ya rubani anayetua. Ila ukipima historia yote hiyo kwa jicho la mtu wa kawaida wa Kajiado, utaona kwamba karne nzima aliambiwa nyamaza usikilize.

Na huku ndiko redio ilikohitajika zaidi. Mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo tunaiita Amref. Ndege bila redio haikufaa kitu. Kliniki ya mbali ilipaswa kuita Wilson kwa mawimbi ili mtu aokolewe. Masafa hayo hayakuwa ya ridhaa, yalikuwa ya kazi, lakini waya uliofungwa juu ya mti ni uleule, na anga ni ileile. Simu za mkononi zilipoenea baada ya mwaka 2000, waya nyingi zilikatwa zikauzwa kwa kilo, shaba.

Nyumba yenyewe iko nje kidogo ya mji wa Kajiado. Mama mmoja wa miaka kama sabini alinikaribisha, akaniletea chai kabla hajaniuliza jina.

"Wewe ndiye wa ile mashine, kijana wangu?"

"Ndiyo, mama."

Marehemu mumewe alikuwa dereva wa mmishonari aliyekuwa na leseni. Mmishonari aliporudi kwao aliacha vitu vingi, na mzee akachagua redio. Wengine walichukua kitanda na friji. Mama alicheka akisimulia. "Nilimkasirikia mwaka mzima. Halafu jioni ananiambia, nyamaza kidogo mama watoto, Japani inaongea."

Nikamuuliza kama alikuwa anawajibu.

"Angewajibu na kibali gani?"

Akafungua kabati. Maikrofoni ilikuwa bado ndani ya karatasi, waya umekunjwa kama ulivyotoka kiwandani. Nikageukia mashine. FT-101 ina swichi ndogo iliyoandikwa HEATER. Ukiizima, valvu hazipati moto, mashine inapokea tu na betri ya gari inadumu. Swichi ilikuwa imezimwa, na juu yake kulikuwa na gundi ngumu ya zamani. Mzee aliifunga asije akaiwasha kwa bahati mbaya.

Mnunuzi aliye ndani yangu akafurahi, nakiri: valvu za mashine hii hazijachakaa, kwa hiyo thamani yake ni kubwa kuliko ya nyingine za umri wake. Huyo mwingine aliye ndani yangu hakujua aangalie wapi.

Halafu mama akaleta daftari. Daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Tarehe, saa, masafa, alama ya kituo, na safu ya mwisho neno moja: vizuri, au hafifu. JA ni Japani. G, Uingereza. A4, Oman. 5H, jirani zetu Tanzania. Kurasa za 1990 na 1991 zimejaa hadi pembeni. Mwaka 1995 mistari michache. Mwaka 1996 karibu hakuna kitu, na nikadhani alichoka, au aliugua. Kisha 2000 na 2001 zimejaa tena.

Hakuchoka. Ni jua. Kila miaka 11 hivi madoa ya jua huongezeka, tabaka la juu la anga huchajiwa zaidi, na mawimbi hurudishwa duniani maelfu ya kilomita mbali. Kilele kimoja kilikuwa mwaka 1989, kikashuka hadi 1996, kikapanda tena mwaka 2000. Dereva wa Kajiado, bila kuambiwa na mtu, alirekodi mapigo ya moyo wa jua kwa kalamu ya Bic. Mimi nilifundishwa hilo darasani kwa ada ambayo baadaye ilinishinda.

Nikasema nitachukua vyote kwa 40,000. Mama akasema redio 25,000, daftari haliuzwi. Sikubishana. Nilipiga picha kila ukurasa.

Sasa kama unaniuliza ilifaa, sikia kwanza kilichotokea Kitengela. Waya wa nusu-wimbi wa mita 40 ni kama mita 20, na ploti yetu ya hamsini kwa mia ina urefu wa mita 30, kwa hiyo ulitosha, keateka akanung'unika tu. Nikawasha. Kelele tupu. Chaja za simu, balbu za LED, inveta za sola za majirani, laini ya stima nyuma ya ukuta: yote yanapiga kelele kwenye masafa yaleyale, na mashine ya 1970 na kitu haiwezi kuyatenganisha na binadamu. Nilikaa wiki mbili nikisikiliza friji za watu.

Kwa hiyo niliirudisha. Iko kwa mama, kwenye meza ileile, waya umetoka dirishani hadi kwenye mgunga. Nimebadilisha kapasita za usambazaji wa umeme, na fundi mmoja mzee alinisimamia nisijiue. Kilele cha jua cha safari hii kilifika mwaka 2024, na sasa tunateremka, kwa hiyo kila wikendi ina bei yake. Nauli peke yake imeshanila. Fomu ya leseni iko kwenye mkoba wangu, nusu imejazwa.

Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili jioni, kwenye megahezi 14, mtu wa Italia alikuwa anaita. Alirudia alama yake polepole, akanyamaza, akarudia.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anauliza kama kuna mtu."

Mama akaitazama maikrofoni, kisha akanitazama mimi.