Video za Nyeri: pesa zipo, ila njia ni ndefu

Kijana wa Karatina mwenye simu na mwenzake wa Kisauni wapimiwa kwa pishi moja. Anayetegemea video ndefu, YouTube haimgawii pesa za matangazo mpaka chaneli yake ifikishe watu 1,000 waliojisajili, na video zake zitazamwe saa 4,000 ndani ya miezi 12. Hizo ni dakika 240,000. Mtazamaji akikaa dakika nne kisha aende zake, watahitajika watazamaji 60,000. Wengi hukomea hapo.

Anayevuka hupewa asilimia 55 ya pesa za matangazo kwenye video ndefu. Tangazo lenyewe halina bei moja: mtazamaji aliye Marekani huleta zaidi kuliko aliye Nyeri mjini. Ndiyo maana vichekesho na mahojiano ya Kikuyu yana nafasi yake, kwani jamaa walioko ng'ambo hupenda kusikia lugha ya nyumbani. (Nasi tuna watu wetu Muscat na London.) Lakini Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, na tangu Juni 2021 asilimia 30 ya mapato yatokanayo na watazamaji wa huko hukatwa kwanza. Hapa nchini, Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza makato ya asilimia 5. Pendekezo la awali lilikuwa 15.

Mtego mkubwa ni muziki. Mtu huingia ukumbi wa mugithi, akarekodi mwimbaji na gitaa lake akirudia nyimbo za wakongwe kama Joseph Kamaru, aliyefariki 2018. Video yapendwa, watu wafurika. Mfumo ukiutambua wimbo, mwenye hakimiliki aweza kuchukua mapato yote, na mpiga picha akabaki na sifa tu. Wanaorekodi taarab kwenye harusi zetu wako mashua moja na huyo.

Kisha kuna Posta. Hesabu ikifika dola 10, Google hutuma barua yenye namba ya kuthibitisha anwani. Asiye na sanduku huazima la ndugu au la shule. Malipo yenyewe hayatoki kabla ya dola 100. Facebook nayo iliahidi Machi 2024, Nick Clegg wa Meta alipokuwa Nairobi na Rais Ruto, kwamba Wakenya wenye kufikia masharti wangeanza kulipwa kufikia Juni mwaka huo.

Kwa maoni yangu, matangazo ni kitoweo, si chakula. Mwenye kitalu cha miche ya parachichi Othaya akionyesha kwa Kikuyu namna ya kuunganisha mche, hahitaji watazamaji 60,000. Wateja ishirini wakipiga simu, pesa huingia kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, na video hiyo hiyo itamletea wengine msimu ujao wa mvua.