Nunda, chui wa kufuga na Bwana Msa: hadithi za kutisha za vuli ya Unguja

Mvua za vuli zikishaingia, mtaa wa Malindi, Unguja, hubadilika. Kusi imekwisha nguvu, kaskazi haijashika, na manahodha pale bandarini wanasubiri maleleji yapite, maana pepo za wakati huo hazina msimamo. Jua likizama, wingu hushuka juu ya mnara wa msikiti, maji hujaa kwenye vichochoro vinavyoelekea soko la samaki, na watu hufunga milango mapema. Usiku wa namna hiyo ulikuwa na kazi yake tangu enzi za koroboi, Mji Mkongwe na Ng'ambo pia: kutishana kwa hadithi na, vitabu vilipoingia majumbani, kusoma hadithi za kutisha.

Mwaka 2025 ulitupa sababu mbili za kuikumbuka historia hiyo. Ilitimia miaka 65 tangu kichapishwe kitabu cha Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, na miaka 30 tangu Popobawa, kitisho cha usiku, awatoe watu wa visiwa hivi vyumbani mwao na kuwalaza nje. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana majira yao ya kuogopa. Oktoba ikielekea ukingoni, maduka yao hupanga mbele riwaya za mizuka, na Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897, haikosekani. Sisi tunayo akiba yetu wenyewe, tena ilichapishwa kabla ya hiyo Dracula, na tunaiacha ituponyoke.

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Wengi wanamjua kwa ajili ya kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Lakini miaka mitatu kabla ya jiwe la msingi la kanisa hilo, yaani 1870, alikwisha kuchapisha London kitabu cha hadithi alizosimuliwa na wenyeji, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoutazama. Katika utangulizi wake Steere anaeleza jambo ambalo kila aliyelelewa na bibi atalikubali: nyimbo ndizo uti wa hadithi, msimulizi huziunganisha kwa maneno yake ya papo hapo, na waliokaa chini wote hupokea. Basi tunachokisoma kitabuni ni sehemu tu ya kilichosikika usiku ule.

Humo ndimo alimo Nunda. Anaingia kwa mlango wa nyuma, kwani hadithi yenyewe inaanza kwa mtende wa Sultani Majnuni na ndege wanaokula tende zake. Kisha anatokea paka, paka wa nyumbani, kipenzi cha Sultani. Paka anakamata ndama. Watu wanakwenda kushtaki, na Sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka anakamata mbuzi, anakamata ng'ombe, anakamata punda, na jibu la Sultani halibadiliki. Paka anamla mtoto wa mtu, na bado Sultani anamkingia kifua. Mnyama amekwisha toka mjini, amekaa njiani, kila apitaye ni chakula chake. Siku anapowala watoto wa Sultani mwenyewe ndipo baba anatamka kwamba huyo si paka tena, ni Nunda.

Mwanawe mdogo ndiye anayeapa kumwua. Anakwenda mwituni, anaua mbwa, anamburura hadi nyumbani akiimba kwamba amemwua Nunda mla watu, na mama yake anamjibu kwa wimbo kwamba huyo siye. Anarudi tena na tena, kila safari na mnyama mkubwa kuliko wa kwanza, na kila safari mama anamkana mnyama yule. Msikilizaji anacheka, lakini hofu inazidi, kwa sababu kila mnyama anayeonekana ni mkubwa na mkali, na Nunda mwenyewe hajaonekana bado. Nimesoma hadithi nyingi za kutisha za kigeni, na chache zinajua kumchelewesha mnyama wao namna hii. Watoto wa Uingereza walisomewa habari za Nunda kuanzia 1901, Andrew Lang alipomtia katika kitabu chake cha hadithi chenye jalada la zambarau. Ni watoto wangapi wa Malindi wanaomjua leo?

Jambo moja katika hadithi ile linanirudia kila mara. Nunda hakutoka mwituni. Alilishwa ndani ya jumba la mkubwa, akalindwa na neno la mkubwa, na walioumizwa walipolalamika hawakusikilizwa. Kitisho kina mwenyewe. Mwenyewe huyo ni binadamu, na jina lake linajulikana tangu mwanzo wa hadithi. Naona huo ndio mtindo wa Unguja katika hadithi za kutisha, na haukuishia kwa Steere.

Miaka iliyofuata ilileta vitabu vya shule. Mwaka 1929 peke yake ulitoa kwa Kiswahili Alfu Lela Ulela, Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, na kizazi kizima kilijifunza kuogopa kwa kusoma pango la mifupa na maharamia. Vilikuwa vitabu vizuri, lakini mizimu yao haikuwa ya hapa.

Mizimu ya hapa ililetwa na mtoto wa Makunduchi. Muhammed Said Abdulla alizaliwa huko mwaka 1918. Alipomaliza shule mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya, kazi aliyoifanya miaka kumi, na siwezi kusoma vitabu vyake bila ya kuiona kazi hiyo: mtu anayebisha hodi kwa watu, anayechungulia visima na majaa, anayejua kila nyumba inaficha nini. Mwaka 1948 akaingia katika magazeti, akawa mhariri wa Zanzibari, kisha akasaidia kuhariri Al Falaq na Afrika Kwetu, na kuanzia 1958 hadi alipostaafu 1968 akahariri gazeti la Mkulima. Katika shindano la hadithi za Kiswahili la 1957 na 1958, lililoendeshwa na East African Literature Bureau, alishika nafasi ya kwanza. Hadithi iliyoshinda ndiyo Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka kitabu mwaka 1960.

Tazama alivyoipanga. Maiti ya Bwana Ali inaonekana mzimuni, mahali ambapo watu huweka nadhiri zao na hupita kwa adabu. Kila mtu wa Unguja anayesoma habari hiyo ameshajiambia moyoni nani kaua, na jina hilo halitamkwi usiku. Hapo ndipo anapokuja mpelelezi wa Abdulla, Bwana Msa, na kiko chake, na sahibu yake Najum. Anaukuta uvumi, anausikiliza kwa heshima, kisha anauliza nani alipita, nani anarithi, nani alisema uongo. Wengi wamesema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu. Ukoo huo upo, sikatai. Ila Holmes hakuwa na Giningi. Kitabu cha pili cha Abdulla, Kisima cha Giningi, kilichotoka 1968, kimebeba jina la mji wa wachawi usioonekana kwa macho, mji ambao Waunguja walitishiwa nao tangu utotoni. Wahakiki wa miaka ya 1970, waliotaka riwaya ipige vita unyonyaji, waliviona vitabu hivi kuwa ni vya kupitishia wakati. Mimi naona hawakumtendea haki. Kumwonyesha msomaji kwamba nyuma ya mzimu yupo mtu mwenye tamaa ya mali ni kazi nzito, hasa katika miaka ile.

Na miaka ile ndiyo ya vita vya chui.

Unguja ilikuwa na chui wake wa pekee, mwenye madoa madogo kuliko chui wa Bara. Mwaka 1932 mtaalamu Pocock alimpa jina la kisayansi la adersi, kwa heshima ya Dakta Aders aliyekuwa mtaalamu wa wanyama wa serikali. Lakini vijijini alijulikana kwa habari nyingine kabisa. Watu waliamini kwamba wako chui wa mwitu na wako chui wa kufuga, na kwamba hao wa kufuga wana wenyewe: wachawi, wanaowalisha kwa siri na kuwatuma kwa jirani waliyegombana naye. Mbuzi akiliwa, watu hawakuuliza chui kaelekea wapi. Waliuliza ni wa nani.

Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman, walioandika kwa kina juu ya jambo hili na ambao nawategemea hapa, wanaeleza kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 ilianzishwa kampeni kubwa iliyoongozwa na mganga aliyeitwa Kitanzi. Ilikwenda kijiji kwa kijiji na ilikuwa na malengo mawili yaliyofungwa pamoja: kuwafichua wachawi na kuwamaliza chui. Wenye mamlaka waliiunga mkono. Waliotajwa kuwa ni wafugaji walibanwa mbele ya majirani zao, na chui wakauawa popote walipoonekana. Wahifadhi walipokuja miaka ya baadaye kumtafuta mnyama huyu wamwokoe, walikuwa wamechelewa. Hapo ukazuka mzozo ambao haujatulia hadi leo. Wataalamu wanasema ametoweka, au amebakia kwa nadra mno. Wanakijiji wanasema yupo, tena wapo wanaomfuga, na wako wahifadhi waliojaribu kuwafikia hao wafugaji waonyeshwe. Hakuna aliyeonyeshwa. Mwaka 2018 kamera ya kipindi kimoja cha televisheni cha Kimarekani ilinasa picha ya mnyama aliyedaiwa kuwa ni chui wa Unguja, na mabishano yakaanza upya.

Weka sasa mambo mawili pamoja. Katika muongo mmoja, kisiwa kimoja, kundi la watu linazunguka na fimbo na bunduki likitafuta wachawi na wanyama wao, na mhariri wa gazeti la wakulima anakaa mezani anaandika kitabu chenye jina la mji wa wachawi. Simhusishi Abdulla na siasa za kampeni ile kwa neno lolote. Nasema tu kwamba msomaji wa Kisima cha Giningi mwaka 1968 hakuwa anasoma ngano ya mbali. Alikuwa anasoma habari ya jirani yake. Na mwandishi alimwomba jambo gumu: kabla ya kumtaja mchawi, tafuta ushahidi.

Tuliona mwaka 1995 nini hutokea ushahidi usipotafutwa. Popobawa alianza kusikika Pemba, mwezi wa Ramadhani, kisha akavuka hadi Unguja. Alisemekana kuwaingilia watu usingizini, wake kwa waume, na aliyepatwa alitakiwa asimulie, la sivyo angerudiwa. Masharti hayo ndiyo yaliyoieneza habari. Nakumbuka mikeka iliyotandikwa barazani, watu wazima wamelala wamebanana, na sauti ya Yasini ikisomwa hadi alfajiri. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza visiwani tangu kurejeshwa kwa vyama vingi, na kila upande ulikuwa na maelezo yake ya kisiasa juu ya nani kamtuma. Kama Nunda, kama chui, Popobawa naye alipewa mwenyewe. Safari hii hapakuwa na Bwana Msa wa kuuliza maswali, na katika mji huu huu umati ulimwua mtu mgonjwa wa akili uliyemdhania kuwa ndiye.

Baada ya hapo simulizi inakuwa nyembamba. Abdulla alikwisha kufariki mwaka 1991, ameacha mlolongo wa vitabu vya Bwana Msa hadi Kosa la Bwana Msa cha 1984. Umeme ulipokatika Unguja nzima kwa kiasi cha miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009, hadithi zilirudi barazani kwa muda, kisha taa zikawaka. Leo vijana wanasoma hadithi za majini kwenye simu, vipande vipande, kila kipande kinaishia njia panda ili usubiri cha kesho. Siwalaumu. Wanasoma kilichopo mkononi.

Kinachoniuma ni kwamba kilicho bora hakiko mkononi. Nakala za Bwana Msa ninazozijua mimi ni za kuazimana: jalada limetoka, kurasa za mwanzo zimeliwa na mende, na mwenye nakala anataka kurudishiwa. Hadithi ya Sultani Majnuni, iliyosimuliwa hapa kwa Kiswahili cha hapa, ni rahisi zaidi kuipata kwa Kiingereza. Kisiwa kinachojisifu kuwa ndicho chimbuko la Kiswahili Sanifu hakina sababu ya kuliruhusu hilo.

Baraza la Kiswahili la Zanzibar, Wizara ya Elimu na wachapishaji wenye haki za vitabu hivi wakae pamoja, na vuli ijayo iwakute watoto wetu na toleo jipya la Mzimu wa Watu wa Kale na la Kisima cha Giningi, pamoja na kitabu kidogo cha bei nafuu cha hadithi za Steere, Kiswahili peke yake, na Nunda akiwa wa kwanza. Nawe msomaji, ukiwa na nakala ya zamani kabatini, hata iliyochanika, usiitupe. Ipeleke Maktaba Kuu, Maisara, waipige nakala.